Mtoto wa miezi 11 ametangulia kuota meno ya juu: tujiandae vipi kumpeleka kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza?

Mama Arafa, Tanga

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu. Binti yangu ana miezi 11. Meno yake mawili ya kwanza yalitokeza katika ufizi wa juu, na yale ya chini ndiyo kwanza yanachomoza sasa. Kwa sisi watu wa pwani jambo hili halipiti hivi hivi. Bibi yake mzaa baba, ambaye ninamheshimu na ambaye anampenda sana mjukuu wake, amesema kwamba mtoto wa namna hii zamani aliitwa kigego, na kwamba ni vyema afanyiwe dawa kabla nuksi haijaingia nyumbani. Jirani yetu naye, mtoto alipoharisha na kupata homa, alinishauri nimpeleke kwa mama mmoja anayetoa "meno ya plastiki", kwa kuwa ufizi wa mtoto una uvimbe mweupe mahali yatakapokuja kuota meno ya chonge.

Kuhara kumekwisha baada ya kutibiwa zahanati, na mimi na mume wangu tumeamua kwamba mtoto hatakatwa ufizi na mtu yeyote. Tumekubaliana tumpeleke kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka. Lakini katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumpeleka mtoto mchanga kwa daktari wa meno. Sote tulikwenda tukiwa wakubwa, jino likiwa limekwisha kuoza na usiku haulaliki. Kwa hiyo ninaomba kuelezwa mtoto wa umri huu hufanyiwa nini hasa akifika pale, nimwandae vipi, na nyumbani nimsafishe kwa dawa ya meno au kwa maji matupu. Bado ananyonya usiku, na juu ya hilo nimesikia maneno yanayopingana.

Tabibu wa Meno, Morogoro

Marahaba, Mama Arafa. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya, na nitaanza na suala la kigego, kwa sababu ndilo linaloonekana kuitia nyumba nzima wasiwasi. Meno ya utoto ni 20, nusu yake juu na nusu chini. Kwa watoto walio wengi yale mawili ya mbele ya chini hutangulia, kwa kawaida kati ya mwezi wa 6 na wa 10, kisha hufuata ya mbele ya juu. Magego ya kwanza huja baada ya mwaka mmoja, halafu meno ya chonge, na magego ya mwisho huota mtoto akiwa anakaribia miaka 3. Huo ni mpangilio wa walio wengi, na wasioufuata nao ni watoto wazima kabisa. Wapo wanaoota jino wakiwa na miezi 4, wapo wanaotimiza mwaka bado ufizi ni mtupu, na wapo wanaoanza juu kama binti yako, bila dosari yoyote katika afya zao wala katika maisha ya waliowazunguka. Wapo hata wanaozaliwa na jino. Hao tunapenda kuwaona mapema, kwa sababu jino la namna hiyo likiwa limelegea linaweza kung'oka na kumpalia mtoto, au likamchubua ulimi na kumuumiza mama anaponyonyesha.

Umri mliouchagua ni sahihi. Ushauri unaofuatwa na madaktari wa meno ya watoto ni kwamba mtoto aonwe ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza kutokeza, na asivuke mwaka mmoja kabla ya kuonwa. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa sababu wamezoea kwamba kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni kwenda kung'oa. Katika hudhurio hili la kwanza hakuna kung'oa, hakuna sindano, na kwa mtoto asiye na tatizo hakuna hata kifaa kinachotoa sauti. Wewe na daktari mtakaa mkitazamana, magoti yakigusana. Mtoto ataanza kwa kukaa mapajani mwako akiwa amekuelekea, miguu yake ikiwa huku na huku kiunoni mwako, kisha atalazwa chali taratibu hadi kichwa chake kitulie mapajani mwa daktari. Wewe utaishika mikono yake, na ataendelea kukuona usoni muda wote. Daktari ataangalia meno yaliyokwisha kuota, ufizi, kaakaa, ulimi na utando ulio chini yake, kwa taa na kioo kidogo, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Huenda akalia. Kilio kwa mtoto wa umri huo ni cha kawaida, hakimaanishi kwamba ameumizwa, na hakuna mhudumu anayeijua kazi yake atakayekulaumu kwa ajili hiyo. Sehemu ndefu zaidi ya hudhurio itakuwa mazungumzo baina yenu: anakula nini, anakunywa nini, analala vipi, anasafishwa na nani.

Kwa hiyo maandalizi makubwa ni yako zaidi kuliko ya mtoto. Chukua kadi yake ya kliniki. Kumbuka lini jino la kwanza lilionekana, dawa alizowahi kutumia, na kama alizaliwa kabla ya wakati au amewahi kuambiwa ana tatizo la moyo, kwa sababu tatizo la moyo hubadilisha namna tunavyomhudumia hata katika mambo madogo ya kinywa. Sema pia kama wewe mwenyewe una meno yaliyotoboka. Vijidudu vinavyosababisha meno kuoza huhamia kwa mtoto kupitia mate ya wanaomlea, hasa pale chakula kinapotafunwa kwanza ndipo apewe, au kijiko kinapoonjwa kisha kikaingia kinywani mwake. Mama mwenye meno yanayohitaji matibabu akitibiwa, mtoto naye hupata nafuu. Panga miadi ya asubuhi, akiwa ameamka vizuri na ameshiba, lakini usimlishe mlangoni mwa chumba cha daktari, maana akilazwa chali tumbo likiwa limejaa atatapika. Na ninawaombeni sana, wewe na wote walio nyumbani, msimtishe mtoto hata kwa utani kwamba akifanya utundu daktari atamdunga sindano au atamng'oa meno. Mtoto wa miezi 11 haelewi maneno hayo vizuri, lakini wa miaka 2 anaelewa, na hofu iliyopandwa hivyo ndiyo inayowafanya watu wazima waje kwetu jino likiwa limebaki kizizi.

Kuhusu nyumbani, tumia mswaki mdogo wa watoto wenye nyuzi laini, na dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Maji matupu huondoa mabaki ya chakula, lakini floraidi ndiyo inayoliimarisha jino lisioze. Tazama ubavuni mwa boksi au tyubu: kiwango kinachofaa ni kuanzia ppm 1000. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje moja ya mchele, kikipakwa juu ya nyuzi na si kurundikwa. Kuanzia miaka 3 hadi 6 ni kiasi cha punje ya njegere. Kwa kuwa hajui kutema, kiasi hicho kidogo akikimeza hakimdhuru, na huna haja ya kumsukutua. Futa povu kwa kitambaa safi. Msafishe asubuhi na usiku, na kama siku moja imekushinda kabisa, heri uache ile ya asubuhi kuliko ya usiku, kwa sababu mtu akilala mate hupungua kinywani, na mate ndiyo kinga ya asili ya meno. Mkao ni ule ule wa kwa daktari: mlaze, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, inua mdomo wa juu kwa kidole, piga mswaki kwa miduara midogo mpaka kwenye mpaka wa jino na ufizi. Akishazoea hivyo nyumbani, hata hudhurio lenyewe halitakuwa geni kwake.

Kuhusu kunyonya usiku, usimwachishe kwa ajili ya meno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na faida za kufanya hivyo ni kubwa. Hatari ninayoiona kazini ni chupa: mtoto analazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au juisi, au uji mwepesi mtamu, analala nayo kinywani, na kinywaji kile kinayazunguka meno ya mbele ya juu usiku kucha. Meno hayo ndiyo huharibika kwanza, yakianza na mstari mweupe kando ya ufizi, kisha rangi ya kahawia, kisha yanamomonyoka hadi usawa wa ufizi. Anayenyonya titi mara nyingi usiku baada ya mwaka mmoja, huku mchana anapewa vitu vya sukari na hapigwi mswaki, naye yumo hatarini. Basi msafishe kabla ya kulala, na baada ya hapo asipewe kitu kingine isipokuwa titi au maji.

Babu wa Korogwe

Mama Arafa, marahaba, na hongera kwa kumlinda mtoto na visu vya mitaani. Hata hivyo ninaomba nipingane kidogo na tabibu, kwa heshima. Meno ya utoto yatang'oka yote, na mengine ya ukubwani yataota. Wazazi wanaoishi mbali na hospitali, wanaolipa nauli kutoka kijijini hadi mjini na kupoteza siku nzima ya shamba, waambiweje kwamba ni lazima wamsafirishe mtoto mwenye meno mawili akatazamwe kwa dakika chache? Mimi naona elimu hii ya mswaki na sukari inatosha, na safari isubiri mpaka pawepo tatizo.

Tabibu wa Meno, Morogoro

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya nauli ni ya kweli na siipuuzi. Aliye mbali anaweza kuanzia kwenye kliniki ya mama na mtoto anakopelekwa kwa vyovyote: mtoto anapochanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18, mama amwombe muuguzi aunyanyue mdomo wa juu na kuangalia meno. Akiona doa, ndipo safari ya kwenda hospitali iwe ya lazima. Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, baadhi ya hospitali pia hutoa uchunguzi bila malipo.

Lakini hili la meno ya utoto kwamba yatang'oka tu, niruhusu nisikubaliane nalo. Magego ya utoto hayatoki upesi. Mengine hukaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Ndiyo anayotafunia miaka yote anayokua, na ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno ya ukubwani yanayosubiri chini yake. Gego la utoto likiondolewa kabla ya wakati, meno ya jirani husogea na kuiziba nafasi, na jino la ukubwani likija halina pa kupita, linaota pembeni. Tena ganda la jino la utoto ni jembamba kuliko la mkubwa, hivyo tundu dogo hufika kwenye kiini upesi, na usaha ukijikusanya kwenye mizizi unaweza kuliharibu jino linaloumbwa chini yake. Mtoto mwenye maumivu hali vizuri, halali, na hakui inavyotakiwa. Anayesubiri mpaka pawepo tatizo, kwa mtoto wa miaka 2, mara nyingi huletwa kwetu uso umevimba.

Bibi Muuguzi (mstaafu), Dodoma

Mwanangu Mama Arafa, umefanya vyema kukataa. Nimefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi, na katika mambo yote yanayozungumzwa hapa, hili la meno ya plastiki ndilo ninalotaka kila mama alisome mpaka mwisho.

Uvimbe mweupe ulioonyeshwa na jirani yako ni jino la chonge lenyewe likiwa bado changa ndani ya ufizi. Kila mtoto analo. Mganga anapolichimbua huonekana kitu cheupe, laini, kisicho na ugumu wa jino, na hapo mama huamini kwamba kweli ni plastiki na kwamba ndicho kilichokuwa kikimharisha mtoto. Kumbe ni jino la mtoto wake ambalo halijakomaa. Linachimbuliwa kwa kisu, wembe, spoku ya baiskeli au kucha, bila ganzi, na kifaa kile kile huenda kimetoka kinywani mwa mtoto mwingine. Tumepokea watoto waliokaukiwa damu, waliopata pepopunda, na ambao maambukizi yameingia kwenye damu. Wengine hatukuweza kuwaokoa. Waliopona, wengi wao hawakuota chonge za utoto, na baadhi waliota meno ya ukubwani yaliyopinda au yenye kasoro, kwa sababu chipukizi la jino la ukubwani lipo karibu sana na pale palipokatwa. Desturi hii haipo kwetu tu. Ipo Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia, kila mahali kwa jina lake, na kila mahali kwa madhara yale yale.

Kwa nini basi mtoto huharisha wakati huo huo? Kwa sababu miezi ya kuota meno ndiyo miezi ya kuanza kula vyakula vingine, kutambaa na kutia kila kitu kinywani, huku kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama ikiwa inapungua. Kuota meno kunaweza kumtoa udenda, kumkasirisha, kumfanya atafune kila kitu, na kumpandisha joto kidogo sana. Hakuleti homa ya nyuzi 38 na kuendelea, wala kuhara. Homa ya namna hiyo apimwe malaria, na kuhara kutibiwe kwa maji yenye chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya. Ufizi ukimsumbua, usugue kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilichopozwa akitafune. Zile jeli za ganzi zinazouzwa kwa ajili ya ufizi, zenye benzokaini, asipakwe aliye chini ya miaka 2, maana zinaweza kuizuia damu kubeba hewa inavyopasa.

Jambo moja la mwisho kwako. Bibi yake usimwache nyumbani. Mwombe afuatane nanyi, akae ndani ya chumba, naye daktari amwonyeshe kwa kidole ule uvimbe na amweleze ni kitu gani. Sisi wazee tukielezwa kwa adabu tunaelewa, na bibi aliyeelewa atawakinga wajukuu wengine ambao wewe huwezi kuwafikia.

Baba Elia, Arumeru

Ninaongeza jambo linalowahusu zaidi wasomaji wa huku kwetu, ingawa Mama Arafa yuko Tanga. Tabibu ameeleza faida ya floraidi, lakini sisi tunaoishi miteremko ya Mlima Meru, na wenzetu wa sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, tunayo ya kuzidi ndani ya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita; kwa muda mrefu Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa sababu ya hali ya vyanzo vyetu, na maeneo kama Ngarenanyuki yana maji yanayozidi hata hapo kwa mbali. Matokeo yake ni meno ya kahawia yasiyosafishika, na kwa wanaotumia maji hayo kwa miaka mingi, mifupa iliyopinda.

Mzazi wa huku ajue kwamba madoa yale huingia jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, na meno ya mbele ya ukubwani huumbwa hasa katika miaka 3 ya kwanza. Yaani mtoto anayeonekana mwenye meno meupe ya utoto leo, anaweza kuwa anakunywa madoa yatakayoonekana akiwa na miaka 7. Kuchemsha maji hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua chunguni, floraidi hubaki na kuzidi makali. Tunavuna maji ya mvua kwa ajili ya uji na maji ya kunywa ya watoto, au tunatumia vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi, basi chakula cha mtoto kipikwe bila magadi. Maziwa ya mama hayana shida, kwa kuwa floraidi hupita kidogo mno ndani yake hata kama mama anakunywa maji hayo. Mwambieni daktari wa meno mnakotoa maji, ili naye apime ushauri wake kabla ya kumpaka mtoto dawa yoyote ya floraidi.

Mama Arafa, Tanga

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Bibi yake amesomewa maneno ya Bibi Muuguzi na amekubali kufuatana nasi. Nina maswali mawili yaliyobaki. Arafa anapewa dawa ya kikohozi ya maji mara kwa mara, nayo ni tamu; je, ina athari kwa meno? Na nitajuaje nyumbani kwamba jino limeanza kuharibika, kabla ya tarehe ya kurudi?

Tabibu wa Meno, Morogoro

Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari. Mpe dawa kama alivyoandikiwa, lakini ya usiku mpe kabla ya kumpiga mswaki, na mwulize mfamasia kama ipo isiyo na sukari. Vivyo hivyo uji wake usiutie sukari. Ndizi iliyoiva au maziwa yatautosha. Ubuyu wa rangi, biskuti na juisi za boksi visiwe vitu vya kumnyamazishia mtoto kati ya mlo na mlo, maana kinachoozesha meno zaidi ni mara ngapi sukari inaingia kinywani kwa siku, kuliko wingi wake wa mara moja.

Kuhusu kutambua, mpeleke mwangani mara moja kwa mwezi na uunyanyue mdomo wa juu. Ukiona mstari mweupe uliofifia, usiong'aa kama sehemu nyingine ya jino, kando ya ufizi, hapo jino limeanza kupoteza madini yake lakini bado linaweza kurudishwa katika hali yake kwa floraidi na kwa kupunguza sukari. Njoo bila kusubiri. Ukiona rangi ya kahawia au kishimo, njoo haraka zaidi. Hata hapo si lazima ashikiliwe mdomo wazi na jino litobolewe kwa mashine: ipo dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi, iliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo husimamisha uozo kwa kupakwa tu. Hulifanya tundu kuwa jeusi daima, na mzazi huambiwa hivyo kabla, lakini kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia ni msaada mkubwa. Akiwa hana doa lolote, mtapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi 6. Akiwa na mstari mweupe, huenda mkaitwa baada ya miezi 3.